Mgeni Aliyedhani Mji Umefiwa

Siku yangu ya kwanza kazini, Bwana Katibu wa halmashauri hakuniuliza kama najua kupiga taipu. Aliniuliza nimefika lini kisiwani Amu. Nikamjibu, macho kwenye viatu vyangu, kwamba nimeshuka juma lililopita na baba, askari aliyehamishwa kutoka bara. Akatabasamu.

"Basi usiuzoee mji huu haraka, binti. Siku nikikuona umeuzoea, nitakuhamisha."

Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru. Nilikuwa nimemaliza kidato cha pili, nina haya kupita kiasi, na kazi yenyewe ilikuwa kuongea na watu nisiowajua. Cheo kiliitwa karani wa wageni. Nilikaa kwenye benchi la gatini, nikamsubiri anayeondoka baada ya kuja Amu mara ya kwanza, nikamwuliza nini kimemtaabisha. Kila Alhamisi niliyachapa majibu kwenye stensili, karatasi ya nta ambayo taipu huitoboa ili wino upenye, tukatoa nakala za madiwani. Ukikosea unapaka dawa nyekundu na kungoja ikauke. Vidole vyangu vilinuka dawa ile hata wakati wa kula.

Bwana Katibu aliamini kwamba mwenyeji hauoni mji wake. Alisema yeye amezaliwa kando ya mtaro wa maji machafu, na hakuwahi kusikia harufu yake mpaka alipokwenda kusoma Mombasa akarudi.

Wengi niliowauliza walikuwa walimu na askari wa bara kama sisi, maana hao sikuwaogopa sana. Walilalamikia punda, mitaro, na kukosa kibao cha kuonyesha njia. Halmashauri ikafunika mtaro wa gatini, ikasimamisha kibao. Tukajiona tumefanya kazi.

Ndipo alasiri moja akaja benchini Bi Mwanaesha wa Siyu, kijiji cha kisiwa cha jirani, amembeba mgongoni binti yake, Rukia, anayewaka homa. Alikuwa ameshuka asubuhi mtaa wa Mkomani kutafuta hospitali, na mpaka saa ile hakuwa ameiona. Kibao chetu kilikuwa cha herufi za skuli. Yeye alisoma za msahafu. Nilimshika mkono tukaenda, naye akawa anasema njiani, bila hasira, kama mtu aliyechoka tu.

"Nimezunguka ndia hizi na mwana mgongoni. Kila daka lina wanaume, na kila nipitapo wainamisha mato, wanyamaza. Nalidhani mji umefiwa."

Daka ni ukumbi wa mlangoni wenye mabaraza ya mawe, na wanaume wa Amu hukaa hapo kuzungumza. Akipita mwanamke wasiyemjua, mwanamume aliyelelewa vizuri huangalia chini na kukatiza maneno mpaka apite. Ni heshima. Naye Bi Mwanaesha, aliyelelewa vizuri vilevile, hakuweza kuanza yeye kusema na wanaume wageni. Kila upande ukawa unaitunza adabu yake, na mtoto anaungua.

Dresa, yaani msaidizi wa daktari, alimpokea. Rukia alipona, ila sikio la kushoto halikusikia tena. Kama angefika asubuhi ingekuwaje, dresa hakusema, nami sikuthubutu kuuliza.

Nilitaka kuyachapa maneno ya Bi Mwanaesha kama kawaida. Bwana Katibu akakataa, akasema kwenye karatasi watayapita tu, nikayaseme mwenyewe. Nikasimama mbele ya madiwani, nikayasema. Mwenyekiti, mzee wa Mkomani, aliwageukia wenzake.

"Sasa binti wa bara ataka tuwakodolee mato wake za watu?"

Walicheka wote. Nilitamani kuketi.

"La, mzee. Angalieni chini vivyo hivyo. Lakini semeni karibu, mumuulize aenda wapi."

Mzee akauliza mtoto anaitwaje. Nikamwambia. Akalirudia jina lile polepole, kisha akawaagiza madiwani kila mmoja akaseme na watu wa baraza lake.

Haikupita muda, wanawake wa Pate na Siyu wakawa wananisimulia gatini habari za wazee wanaoviuliza vidole vya miguu yao, "Wenda wapi, bibi?" Mmoja alisema alicheka mpaka hospitalini.

Benchi lile nilidumu nalo mpaka mwalimu mmoja mgeni aliponiuliza tunaivumiliaje harufu ya mji huu. Nikamjibu, "Harufu gani?" Bwana Katibu alikuwa nyuma yangu. Hakunigombeza.

"Umekuwa mwenyeji, Bi Karani. Hongera, na pole."

Nikahamishiwa ofisi ya Faza, kisiwa cha Pate. Katibu mpya aliyekuja baadaye Amu aliliondoa benchi; yeye aliwauliza watalii tu, wanapenda vitanda vya namna gani. Nilichapa barua za wakubwa wengine huko na huko mpaka nikastaafu, mgongo umeisha.

Sasa naishi Amu. Vijana wa madakani siku hizi hawainamishi macho wala hawasemi karibu. Nishasema mpaka nimechoka. Rukia ana wajukuu, na akija kutoka Siyu, mara moja moja, hufikia kwangu. Juzi aliketi, akanigeuzia sikio la kulia, akaniambia pale gatini pananuka.

Mimi sisikii kitu. Nikamwambia twende anionyeshe ni wapi hasa, nikaanza kutafuta viatu vyangu.