Aliyemvunja Mguu Mpwa Wangu Ndiye Aliyetoa Kuliko Wote

Admin wa ukurasa huu, niwie radhi. Uliniuliza hali ya mpwa wangu nami nimechelewa kukujibu, kwa kuwa kila nilipoanza kuandika niliandika kwa hasira. Naomba jina langu lifichwe. Mimi ni mwalimu mstaafu, mgane wa miaka sabini na mmoja, na ninaishi Kaloleni na kijana wa marehemu dada yangu.

Nilimtuma dukani na mtungi wetu wa gesi uliokwisha. Mitungi ilikuwa ikiibwa mtaani, basi mtu alipopiga kelele za mwizi, hakuna aliyeuliza. Nilisikia kelele nikakimbilia huko, nikamkuta chini, kichwa kimepasuka na uso umejaa damu asitambulike, naye jirani yangu anayechomelea vyuma, nitamwita Baba Tony, akimpiga mguu kwa nondo. Nilisikia mfupa ukivunjika.

"Toka hapo, Mwalimu, ama tukumalize na wewe," akanifokea.

Nikamlalia kijana. Nondo ikanipata begani. Ndipo mama mmoja akasema, "Huyo si ni wa Mwalimu?" Wakatawanyika bila kutazamana.

Mfupa umeingia usaha. Daktari anasema asipopasuliwa upesi, mguu utakatwa. Wazee wa kanisa wakaitisha harambee ukumbini, na watu walewale wakaja. Kwetu kila anayetoa hutajwa jina kwenye kipaza sauti. Baba Tony alitoa kuliko wote, akapigiwa makofi hadi akafuta machozi. Kisha akanishika mkono.

"Mwalimu, si sasa yameisha? Polisi wameniita. Waambie tu hukuona vizuri."

Kwa umri wangu huu, nilitamani kumvunja meno mbele ya wachungaji.

Nilimweleza mpwa wangu kwamba nitamrudishia Baba Tony fedha zake. Akacheka kwa uchungu. "Anko, chukua tu. Wewe uko na miguu miwili."

Sasa kila anayenisalimu namtazama nikijiuliza kama alitoa kwa huruma, kwa woga, au ili jina lake lisikike. Hata machozi ya Baba Tony sijui yalikuwa ya nini. Huenda yalikuwa ya kweli. Bila mchango wake upasuaji hautawezekana. Nikiupokea mchango huo nisiseme niliyoyaona, nitakuwa nimeuuza mguu wa mtoto wa dada yangu. Nikiupokea kisha nikamshtaki, mtaa mzima utaniita msaliti.

Ninyi mnaonisoma, mngekuwa mimi mngefanyaje? Daktari na polisi wote wananisubiri. Nikishaamua nitawaandikia, hata kama uamuzi wangu hautawapendeza.