Zumari ya Makurunge, Msondo wa Mjini

Kabla ya kazi hii nilikuwa Dar narekodi matangazo ya redio: sabuni, maziwa ya pakiti, vifurushi vya simu. Nilipochoshwa na foleni nikarudi kwetu Bagamoyo, na bahati ikaniangukia, nikapata kazi kwenye kituo kidogo kinachokusanya muziki wa asili wa ukanda wetu. Nikisema kituo msifikirie jengo. Ni chumba kimoja chenye feni inayokwaruza, kompyuta, rafu ya ngoma na manyanga, na watu wawili: mimi na mwenzangu, mwalimu wa muziki aliyetokea Songea, mtu mzima mwenye sikio kali ajabu. Yeye alilelewa na kwaya ya kanisa, mimi nimelelewa na maulidi, na tumeelewana vizuri tangu siku ya kwanza isipokuwa kuhusu feni.

Msimu ule tulikuwa tunatafuta zumari. Kwa asiyeijua, zumari ni bomba la mti lenye matundu ya vidole, na mdomoni lina kipande cha jani kavu ambacho ndicho kinacholia. Sauti yake inakwaruza kidogo, inapaa, na haikubali mtu aendelee na mazungumzo. Nilipokuwa mdogo, tukiisikia tu tulijua bwana harusi amefika mtaani, tunaacha mchezo wa rede tunakimbia. Siku hizi harusi zetu zina spika kubwa kuliko bwana harusi mwenyewe, na wapigaji wa zumari wamekuwa wa kutafutwa kwa tochi.

Tukaelekezwa kwa mzee mmoja Makurunge, mkulima wa muhogo na ufuta. Tulimkuta kibarazani anamenya muhogo, kofia kichwani, mashavu yamelegea kama ya mtu aliyewahi kuwa mnene.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Kama mmekuja kwa habari ya mashamba, mimi siuzi."

Tukamweleza kilichotuleta. Akaacha kisu, akaingia ndani, akatoka na zumari imefungwa kwenye kipande cha kanga. Alilowesha jani mdomoni, akafumba macho, akapuliza. Mashavu yalijaa yakawa mviringo, na sauti ikatoka bila kukatika, maana wapigaji hawa huvuta hewa kwa pua huku wakiendelea kutoa ya mdomoni. Mwenzangu alisimama na mkoba wa vyombo begani mpaka wimbo ukaisha. Alisahau kuuteremsha.

"Mmefika wakati mzuri," mzee akasema akijifuta. "Meno ya mbele yote yanacheza. Daktari ameniambia nirudi ayatoe, na mimi kila siku namwambia kesho. Yakitoka sijui kama mdomo utashika."

"Basi tukurekodi sasa hivi," nikasema.

"Mnirekodi na nani? Zumari bila msondo ni mtu anayejisemea njiani. Watoto watamrushia mawe."

Msondo ni ile ngoma ndefu ya kusimama, inayopigwa kwa viganja. Tukamuuliza nani alikuwa akimpigia. Akachukua kisu chake, akarudi kwenye muhogo.

"Yupo hapo mjini Bagamoyo. Amemuoa mdogo wangu. Mimi na yeye hatusemezani."

Kisa kilikuwa hivi, kwa maelezo yake. Walikwenda kutumbuiza harusini Lugoba. Katikati ya wimbo, amefumba macho anapuliza, akasikia msondo umenyamaza. Akadhani ngozi imepasuka. Alipofumbua macho akamwona shemeji yake kwenye sinia la pilau, ameshamega nyama.

"Ameniacha uwanjani peke yangu," akasema, "mbele za watu, kama kichaa."

Jioni ile ile tulikwenda kwa shemeji, mtaa wa nyuma ya soko la samaki. Ni mrefu, mwembamba, mikono mikubwa, fundi wa kutengeneza majiko ya mkaa. Mkewe, mama mcheshi mwenye sauti ya kusikika nyumba ya tatu, alitukaribisha chai na vitumbua kabla hatujasema tumekuja kwa jambo gani. Tulipolitaja, mume akaweka kikombe chini.

"Alikuwa amefumba macho!" akasema. "Bi harusi ameshaingizwa ndani. Wageni wameshanawa mikono. Nimempa ishara ya kumaliza, nikampa tena, nikakohoa, haoni, hasikii, anapuliza tu. Mimi nimpigie nani msondo? Kuku?"

"Ungemgusa bega," mkewe akasema.

"Mtu anayepuliza haguswi."

"Basi miaka yote hii mimi ndiye ninayeguswa. Sikukuu napika hapa, nafunga bakuli, napanda gari napeleka Makurunge kwa kaka yangu, narudi chakula changu kimepoa."

Mume akaitazama chai. Alisema yuko tayari kurekodiwa, ila mahali ambapo shemeji yake hayupo. Na yule wa Makurunge alikuwa ametuambia maneno hayo hayo.

Mwenzangu ndiye aliyepata wazo, naye aliliona ni jepesi. Mijini wanamuziki hurekodiwa kila mtu kivyake, kisha fundi anawaunganisha. Tumrekodi wa zumari kwanza, halafu tumwekee wa msondo ile rekodi masikioni apige kuifuata. Watakuwa pamoja bila kuonana. Nilimwambia nimefanya hivyo mara nyingi kwa matangazo ya sabuni, na sabuni hazikuwahi kulalamika.

Tukarudi Makurunge, tukatundika mikeka na mablanketi kwenye kuta za chumba cha mzee ili sauti isirudi, tukafukuza kuku, tukamrekodi. Alipiga vizuri, ila kwa namna iliyonishangaza kidogo: kila baada ya muda alikuwa akinyamaza, ananyamaza kabisa, kisha anaendelea. Nikadhani ni pumzi, au meno. Mwenzangu akaniambia hizo nafasi ataziziba kwa kompyuta.

Siku iliyofuata mpiga msondo akaja chumbani kwetu na mkewe. Ngoma alikuwa ameshaipasha moto nje kwa makuti makavu, ngozi imekaza, inalia vizuri. Tukazima feni. Nikamvisha hedifoni juu ya kofia, mkewe akacheka mpaka akakaa chini, kisha nikawasha.

Alipiga kidogo, akasimama.

"Anakimbia. Mwambieni apunguze."

"Baba, hii ni rekodi," mwenzangu akasema. "Hawezi kukusikia."

"Hata akiwa ubavuni mwangu alikuwa hanisikii. Rudisha mwanzo."

Nikarudisha. Akapiga, akatikisa kichwa, akamsemesha mtu asiyekuwepo: "Taratibu, wewe! Taratibu! Nani anakufukuza?" Maikrofoni ikanasa yote. Mwenzangu alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Tukarudia tena, akapotea tena, na jasho lilikuwa linatuchuruzika wote kwa kukosa feni. Nilianza kuwaza namna ya kumwambia kwa heshima kwamba tuache.

Ndipo akafika kwenye ile nafasi ya kwanza, pale zumari inaponyamaza. Mikono yake ilikuwa hewani. Haikushuka. Zumari ikaendelea masikioni mwake, ikafika nafasi ya pili, ikanyamaza tena, naye bado hajapiga.

Akavua hedifoni polepole.

"Hapa ni pangu," akasema.

"Wapi, baba?" nikauliza.

"Hapo aliponyamaza. Hapo ndipo mimi namjibu. Yeye anauliza, mimi namjibu, ndiyo anaendelea." Alinyoosha kidole kuelekea kompyuta kana kwamba shemeji yake amekaa ndani. "Alikuwa peke yake chumbani?"

"Peke yake. Mimi na mwenzangu tu."

"Na ameniachia."

Mimi nilikuwa natazama kile chombo changu cha kurekodia, nikiona aibu kidogo kwamba tulitaka kuziziba nafasi zile. Mkewe ndiye aliyesimama kwanza, akajifunga kanga kiunoni.

"Haya. Amekuuliza. Nenda ukamjibu."

"Ngoja kwanza tumpigie simu..." mwenzangu akaanza.

"Simu ya nini? Ukimpigia atasema yuko shamba. Twende."

Tukaingia kwenye gari dogo la mwenzangu, wanne na msondo. Ngoma haikuenea. Tuliilaza ikatoka nusu kupitia dirishani, mama ameikumbatia upande wa ndani. Njia nzima vidole vya mpiga msondo vilikuwa vinagonga magoti, na nikitazama kwa kioo nilimwona akiacha, akisubiri, kisha akigonga tena.

Kaka mtu alikuwa uani anaanika muhogo juu ya mabati. Aliiona ngoma kabla hajawaona watu.

"Shikamoo, kaka," mama akasema, kama mtu aliyepita tu kusalimia.

"Marahaba. Hiyo ngoma mnaiuza?"

Shemeji mtu alikuwa anahangaika kutoka garini na miguu yake mirefu. Akaja mpaka kwenye mabati.

"Nimekuja kukuambia unakimbia," akasema.

"Nakimbia mimi?"

"Wimbo wote. Kama mtu aliyeacha maharage motoni."

"Mimi nimepuliza peke yangu," mzee akajibu, na sauti yake ikashuka. "Mtu akiwa peke yake nani wa kumshika?"

Walitazamana. Nilimwona mpiga msondo akitafuta pa kuweka ile mikono yake mikubwa. Akaiweka juu ya ngoma.

"Ngozi imepoa njiani," akasema. "Una makuti?"

"Yapo nyuma ya jiko, shemeji. Pale pale siku zote."

Mwenzangu alikuwa ameshaanza kutundika mikeka ndani, wakamkatalia. Walisema uani ndiko kwenye nafasi ya kuangaliana. Tukaweka maikrofoni pale pale, na mimi nikakubali moyoni kwamba tutanasa kila kitu: majirani, pikipiki za barabarani, na kuku wote tuliowafukuza, ambao walikuwa wamerudi na wenzao.

Wakaanza. Zumari ikauliza, ikanyamaza, na msondo ukajibu pale pale, mzito, karibu na ardhi. Kumbe wimbo ule nilikuwa sijausikia kabisa. Nilichokirekodi mwanzo kilikuwa nusu ya mazungumzo. Mama alipiga kigelegele ambacho kilisukuma mshale wa sauti kwenye chombo changu mpaka kwenye wekundu, jirani mmoja akaja na mtoto mgongoni, mwingine akaanza kucheza akiwa bado ameshika ndoo. Jogoo aliwika mara nyingi. Nilimgeukia mwenzangu nikitegemea kumkuta amekasirika, nikamkuta anapiga makofi, tena kwa mapigo sahihi.

Mzee wa zumari, bila shaka, alikuwa amefumba macho. Wimbo ulipostahili kuisha hakuonyesha dalili yoyote ya kuisha. Mpiga msondo alikohoa. Akakohoa tena. Kisha akanyoosha mguu wake mrefu, akamkanyaga shemeji yake juu ya dole gumba.

Zumari ikakatika kwa mlio wa kuku aliyebanwa mlangoni.

"Unanikanyaga!"

"Tumemaliza!"

"Si ungesema?"

"Nimekohoa!"

"Nimedhani una mafua!"

Mama alikuwa anacheka huku anajifuta machozi kwa pembe ya kanga. Siku ile hatukuondoka mpaka tumekula muhogo wa nazi, na wazee wakapiga nyimbo nyingine ambazo hata majina yake walibishania. Waliafikiana jambo moja: tangu sasa, mwisho wa wimbo ni mguu.

Meno yalitolewa wiki chache baadaye. Kwa muda mrefu mzee hakuweza kupuliza, akawa anakuja mjini kukaa tu na shemeji yake kwenye majiko, wakibishana. Baadaye alipata meno ya kubandika. Zumari ikarudi na mlio mpya, wa puani kidogo, ambao yeye anasema ni mzuri zaidi na mwenzake anasema ni wa mbuzi. Wamealikwa kwenye harusi kadhaa tangu hapo, spika zikazimwa wakapewa nafasi yao, na nimeshuhudia mabinti waliovalia viatu virefu wakivivua ili wacheze.

Ule ugomvi wa mwisho tuliuacha ndani ya rekodi. Mwenzangu alitaka kuukata, tukajadiliana siku nzima, kisha akasema basi, ubaki. Mwezi uliopita mama alipita kituoni akaomba kuusikiliza. Nikamvisha hedifoni. Alisikiliza wimbo wote kwa utulivu, mkono shavuni, na ulipofika ugomvi akaanza kutikisika mabega.

"Rudisha hapo," akasema.

Nikarudisha. Akacheka tena. Akaniomba nimuwekee kwenye simu yake, nikamuwekea, akashukuru, akachukua kapu lake akaharakisha sokoni kabla samaki hawajaisha.