Kumpeleka Dada Asha Kupimwa Macho Kasulu

Mwaka 2013, masika yakiwa yamekolea, dada yangu Asha alinipigia simu kutoka Kibondo akaniambia ameacha kushona. Alilisema kama jambo dogo tu. Lakini mimi ninamjua. Baba yetu, muuza vitambaa aliyetoka Tanga akaoa Kibondo, alimnunulia cherehani akiwa msichana, na tangu hapo mkono wake haukukaa bure.

"Ni kile kisukari, dada?"

"Ni macho tu, mdogo wangu. Uzi unanikimbia."

Akaniambia kuwa imetangazwa msikitini: madaktari wa macho watakuja hospitali ya Kasulu kwa siku mbili, na kila mwenye kisukari aende akapimwe. Mume wake alishafariki, na mwanawe yuko Geita kazini, hakupata ruhusa. Mimi niliolewa Tanga, na ilikuwa imepita miaka tisa sijamtia dada yangu machoni. Kesho yake nikafunga mzigo.

Siku ya pili ya safari, lami iliishia Nyakanazi na tope jekundu likaanza. Kadiri basi lilivyopanda vilima ndivyo nilivyozidi kusikia Kiha kwenye viti vya nyuma, lugha ya mama yangu. Nilijaribu kuitikia utani wao mmoja, maneno yakanipotea mdomoni.

Kibondo tulifika asubuhi ya siku iliyofuata. Dada alikuwa amesimama mlangoni kwake, amejifunga kitenge cha kijani, amekonda. Nilisogea hadi hatua mbili tu mbele yake, nikisubiri anipokee.

"Mwakeye," alinisalimu kwa Kiha, kwa upole, kama anavyosalimiwa mpita njia. "Karibu. Unamtafuta nani?"

Nikamsogelea, nikamshika mkono.

"Dada, ni mimi. Mwanaidi."

Akashika mlango. "Mbona hukusema? Nimeona rangi ya kanga tu, nikadhani mteja."

Tulilia, kisha tukacheka, kisha akanipikia chai ya tangawizi kwa kupapasa. Nilimuuliza kama kule zahanati anakochukua dawa kila mwezi waliwahi kumwangalia macho.

"Kwa kitu gani? Nesi wa watu ana mzani na kile kipimo cha kutoboa kidole, basi. Naye hunionea huruma kama ninavyomwonea yeye."

Kesho yake alfajiri tuliondoka kwenda Kasulu. Ilikuwa siku ya kwanza ya upimaji. Kabla ya Makere basi lilizama kwenye tope mpaka ngazi ya mlango. Wanaume wakakata matawi, wakasukuma, wakachoka. Saa zikaenda. Dada alikaa juu ya mzigo wetu ukingoni mwa barabara, ameuelekeza uso kule Kasulu iliko.

Mama mmoja wa pale Makere, mkulima, akatuita kwake. Wazazi wake walikimbia vita Burundi, naye ni Mtanzania siku nyingi sasa. Alitupa ugali wa muhogo na maharage, na mkeka wa kulalia. Aliposikia tunakokwenda na sababu yake, akaacha kula.

"Mume wangu alikuwa na sukari. Macho yakafifia, tukasema ni uzee. Mpaka anazikwa hakuna aliyetuambia kwamba sukari hupanda machoni." Akamgeukia dada. "Wewe nenda. Hata kwa miguu, nenda."

Asubuhi lori la maharage likatubeba. Kasulu tulifika foleni ikiwa imezunguka jengo, watu wametoka mpaka Buhigwe. Nesi aliyekuwa akitoboa vidole alimaliza na dada, akaniangalia mimi.

"Na wewe mama, umeshapimwa?"

"Mimi nimemsindikiza tu."

"Ni ndugu yako wa damu? Basi lete kidole."

Sukari yangu ilikuwa juu. Alirudia kipimo, ikawa juu vilevile. Nikatiwa dawa ya kupanua mboni pamoja na dada, tukakaa bega kwa bega tukisubiri kupigwa picha za ndani ya macho, ulimwengu wote umekuwa ukungu mweupe.

Daktari alikuwa mwanamama mtaratibu. Alimwambia dada kwamba mishipa midogo nyuma ya jicho la kushoto imevuja damu siku nyingi, na jicho hilo halitarudi. La kulia bado linaweza kulindwa kwa mionzi ya leza, ila mashine yake iko Mwanza na asichelewe.

"Mimi nilidhani mtanipa miwani," dada alisema taratibu. Kisha akauliza, "Na mdogo wangu?"

"Macho yake bado salama. Aanze dawa, na apimwe kila mwaka hata akiona vizuri."

Dada akanishika mkono kwa nguvu mpaka pete ikaniuma. "Alhamdulillahi," akasema, na hapo ndipo machozi yalipomtoka. Mimi sikujua niweke wapi furaha ya macho yangu mbele ya macho yake.

Niliahirisha kurudi Tanga. Tulipita Kibondo kuchukua nguo, tukaenda Mwanza. Kwenye kivuko cha Busisi aliniomba nimsimulie ziwa, nikamsimulia mpaka tukafika ng'ambo. Mionzi ilichukua muda mfupi kuliko foleni yake. Mwanawe akaja kumpokea, nami nikapanda basi. Nilichungulia dirishani nikimpungia dada mkono, ingawa nilijua haoni.

Nilijifunza kwamba kisukari hakitoi maumivu kinapoyala macho. Mtu huona vizuri leo huku anapoteza ya kesho. Dada alihudhuria zahanati kila mwezi bila kukosa, na jicho likaenda, kwa kuwa chombo cha kulitazama kilikuwa mbali na mlango wake. Langu limesalimika kwa sababu nesi mmoja alimuuliza msindikizaji.

Ni miaka miwili sasa. Jicho lake la kulia limesimama pale lilipofikia. Wiki iliyopita alinipigia simu, sauti imejaa furaha. Mjukuu wake ameota meno mawili ya chini, na ameyaona mwenyewe, alimbeba mtoto akatoka naye juani akayaona.

"Wewe je, Mwanaidi?" akaniuliza. "Wewe nitakuona lini?"