Siku Ambazo Taya Halikuuma

Watu hudhani anayefanya kazi kwenye maua hurudi nyumbani akinukia waridi. Waulize watoto wa Naivasha. Mama yangu alirudi akinuka dawa ya kunyunyizia, ile inayokereketa koo, na juu yake harufu ya spiriti, maana hata kabla hajavua gambuti alikuwa ameshanawa na kujisugua mikono kwa pamba ili alishughulikie taya langu. Harufu hizo mbili zikiingia mlangoni pamoja, nilijisogeza kwenye kona. Nilikuwa darasa la nne, tukiishi mimi na yeye katika chumba kimoja cha mabati karibu na ziwa, na nilijua kinachofuata. Angekaa kwenye stuli, anilaze kichwa mapajani, aitafute ncha ya chuma iliyotokeza chini ya sikio, kisha aizungushe kwa bisibisi ndogo aliyopewa hospitalini. Kwanza upande huu, halafu ule. Asubuhi hivyo, jioni hivyo.

Nilizaliwa na kidevu kilichorudi ndani. Shuleni waliniita kuku, na hilo ningelivumilia, lakini taya fupi liliusukuma ulimi nyuma mpaka ukaziba koo. Nikilala chali, nakabwa. Nililala nimekaa, nimeegemea kifua cha mama, na kadiri nilivyokua ndivyo pumzi ilivyozidi kuwa haba. Daktari wa Nakuru, mwanamke mpole asiyependa maneno mengi, alimwambia mama wazi: taya lirefushwe, la sivyo nitobolewe kooni nipumulie hapo, na kwa mtoto wa namna hiyo anayekaa kwenye vumbi na moshi wa makaa hakutaka kuahidi kitu. Kurefusha kwenyewe kulikuwa hivi: wangeukata mfupa pande zote mbili, wafunge vyuma, halafu ule mwanya uvutwe kidogo kidogo kila siku, na mwili, ukidhani unaziba jeraha, ungeujaza mfupa mpya. Kazi ya kuvuta haikuwa ya daktari. Ilikuwa ya nyumbani, na ukizembea, mfupa unashikana kabla taya halijafika.

Jamani, kuvutwa mfupa kunauma. Maumivu yalianzia tayani yakapanda sikioni, yakakaa nyuma ya jicho, na yalipoanza kupoa jioni ilikuwa imefika tena. Nilimlilia mama kwa meno yaliyobana, nikamwomba kwa jina la Mungu, na yeye alizungusha huku midomo yake imekauka. Hakuwahi kuruka hata mara moja. Nilimchukia, na sisemi hivyo kupamba habari. Nilipomwona anaosha mikono, nilitamani afie huko huko kwenye maua.

Kisha zikaja zile wiki za kuelekea sikukuu ya wapendanao, ambapo Wazungu wote wanataka waridi kwa pamoja, na shambani hakuna ruhusa wala hakuna anayesikiliza kwamba una mgonjwa. Mama alitoka sijaamka na kurudi nimeshalala. Ndipo akamwita Shosho, mama yake mzazi, aje kutoka Kabazi. Huko Kabazi Shosho alijulikana kwa mifupa. Mbuzi akivunjika mguu, mtoto akianguka kutoka mtini, aliitwa yeye, na kwa vijiti na vitambaa vyake wengi walitembea tena. Mama alimfundisha jinsi ya kuzungusha, akamwonyesha upande wa kuelekea, na Shosho akaitikia kwa kichwa kwa heshima zote.

Basi maumivu yakaisha. Shosho alinilaza kichwa, akanigusa na bisibisi, akanipangusa uso kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, na kitu hakikuuma. Nilikunywa uji bila kulia. Nililala. Nilimwambia jirani kwamba Shosho ana mkono mwepesi, kwamba ni mama tu ndiye aliyekuwa hajui kazi, na mama mwenyewe, amechoka hata macho hayafunguki, alisema Mungu ashukuriwe. Ningejuaje? Mtoto hajui kwamba kuna wakati kutoumwa ndiyo hatari yenyewe.

Siku ya kliniki tulienda Nakuru watatu. Daktari aliitazama picha ya eksirei muda mrefu, akaichukua bisibisi, akajaribu kuzungusha, na chuma hakikusogea. Mfupa ulikuwa umeshikana. Aliuliza, bila ukali, ni nani aliyekuwa akizungusha. Shosho alijifunga kilemba vizuri kabla ya kujibu.

“Ni mimi. Siku ya kwanza nilizungusha, mtoto akalia, nikarudisha. Tangu hapo nilikuwa nagusa tu. Daktari, mimi nimeunga mifupa maisha yangu yote. Huu mlitaka niupasue kila siku.”

Mama alikaa chini pale pale kwenye sakafu ya hospitali. “Mami,” alisema polepole, “umeniulia mtoto.”

Daktari alisema itabidi wakate upya, na kwamba mfupa uliokatwa mara mbili si wa kuutegemea sana, na kabla ya hapo kulikuwa na kungoja zamu. Tuliingoja zamu hiyo kwa miezi, mimi nikiwa wima kifuani mwa mama, midomo ikigeuka rangi nikipata mafua. Msimamizi wake shambani alimwambia achague. Akachagua, akabaki nyumbani akifua nguo za watu.

Walipokata mara ya pili nilikuwa najua kila kitu kinachokuja, na hilo lilikuwa baya zaidi. Nilimuuma mama mkono. Nilikimbilia kwa majirani, wakasema huyu mwanamke anamtesa mtoto, mmoja akatishia kumwita chifu. Mama alinifunga kwa shuka mikono na miguu, akakaa juu yangu, akazungusha. Nilipomwambia kwamba namchukia, aliendelea mpaka akamaliza pande zote mbili, ndipo akasema, “Nichukie. Lakini upumue.” Shosho alikuwa akitoka nje kila saa hiyo ikifika. Mayowe yakinyamaza aliingia, akaniweka mapajani, akanipapasa kidevu mpaka nisinzie.

Siku hizi naishi Nakuru, mimi ni mtu mzima, na nalala chali kama watu wengine. Kidevu kimeenda upande kidogo, lakini daktari wa meno aliyenipiga picha hivi majuzi alishindwa kuonyesha mfupa wa zamani unaishia wapi na mpya unaanzia wapi. Nasikia wazazi wa sasa hujirekodi kwa simu wakizungusha ili nesi ahakikishe. Natamani tungekuwa na hilo.

Shosho, aliyekaribia kunizika, alinishika kidevu kila nilipomtembelea mpaka akafa, na sikuwahi kusita. Mama ndiye asiyeweza kunigusa uso. Mwezi uliopita alinitembelea, tukawa tunasukuma chapati, akaona nina unga shavuni, akanyoosha mkono anipanguse. Niliruka nyuma kabla sijafikiri. Alirudisha mkono, akaufuta kwenye leso yake, akaendelea kusukuma chapati. Nikamfuata, nikaushika mkono ule, niuweke mwenyewe shavuni. Ulifika karibu kabisa. Shingo ilikataa, na mama akasema, “Wacha tu. Unapumua.”