Sentensi Yangu ya Kweli

Daftari langu la shule bado linanuka moshi. Mama alilihifadhi miaka yote sandukuni, pamoja na vibuyu vyake vya maziwa, vile tunavyovifukiza ili maziwa yakae bila kuharibika. Juzi nilipolifungua, jamani, nilirudi Bulla Pesa, mtaa wetu wa Isiolo, mara moja, nikiwa na miaka kumi na kichaa cha Kiingereza.

Kichaa kweli! Mwalimu wetu, Mmeru mrefu aliyevaa tai hata kwenye jua la saa saba, alikuwa na mtindo wake. Kila mtoto alileta neno moja, akaeleza maana yake, kisha akatunga sentensi. Na sentensi iwe ya kweli, ya kwenu nyumbani. Ukileta ya kitabuni, sufuri. "Mfalme ana farasi," alikuwa akisema kwa dharau. "Hapa Isiolo umemwona farasi wapi?" Ekai, niliyekaa naye dawati moja, aliwahi kusema mbuzi wao amekula shati la babake, na mwalimu akamfuata mpaka kwao kulitazama hilo shati.

Nilikusanya maneno kama wengine walivyokusanya vifuniko vya soda. Niliyatamka nikiteka maji, nikiosha vibuyu, mpaka Mama akasema nimepagawa. Muhula ule zawadi ya mashindano ya sentensi ilikuwa kamusi ndogo ya jalada jekundu, mshindi aende nayo nyumbani likizo nzima. Likizo nzima! Hata chakula kilinishinda kwa kuiwaza.

Wiki hiyo hiyo mjomba alitufikia kutoka Garbatulla, miguu imepasuka. Ilikuwa enzi ya shifta, waasi waliopigana na serikali huku kaskazini. Watu wa huko walikuwa wamefungiwa kambini, na aliyekutwa mjini bila kibali alibebwa na askari kwa lori. Wengine hawakuonekana tena. Mama alimweka katika chumba cha maziwa, nyuma ya vibuyu. Akanishika masikio yote mawili.

"Usimwambie mtu. Si Ekai, si jirani, si mtu yeyote."

Nikaapa. Lakini nisikilizeni akili ya mtoto. Kwangu mimi, kusema kulikuwa Kiborana, au Kiswahili cha dukani. Kiingereza hakikuwa kusema. Kiingereza kilikuwa masomo!

Siku ya mashindano ofisa wa usalama aliketi karibu na mlango, kofia magotini, amekuja kutazama shule. Nilizidi kufurahi: mgeni naye anisikie! Zamu yangu ilipofika niliruka kama niliyekalia siafu. Neno langu lilikuwa "hide". Maana yake, kukaa mahali watu wasikuone. Mwalimu akakubali. Nikavuta pumzi, nikaanza kwa Kiingereza changu chote kwamba mjomba wangu anajificha nyuma ya...

"Makosa!" Mwalimu alipiga meza.

"Mwalimu, sijamaliza."

"Umeiba kitabuni! Ile hadithi ya mjomba na majambazi. Unadhani sijaisoma? Sufuri. Keti!"

Ofisa akacheka, akatazama saa yake. Mwalimu alininyang'anya daftari, akachora juu ya sentensi yangu kwa wino mwekundu, akachora tena na tena, kalamu ikikwaruza karatasi. Nikajua ni hasira. Kamusi akapewa Ekai, kwa sentensi ya kuku!

Nililia njia nzima. Nilimwambia Mama nimeonewa, sentensi yangu ilikuwa ya kweli kabisa, nikamtafsiria kwa Kiborana neno kwa neno. Mama alikaa chini palepale vumbini. Kabla jua halijatua, mjomba alikuwa amehamishiwa kwa shangazi. Kesho yake nikatumwa kwa mwalimu na kibuyu kizima cha maziwa ya ngamia. Nilikibeba nimenuna, nikijiuliza mtu mbaya vile analishwa maziwa ya nini.

Juzi nimeutazama ule ukurasa. Wino umepenya mpaka upande wa pili; hakuna herufi hata moja inayosomeka. Nami nimefundisha miaka mingi, najua kosa hupigwa alama moja tu ya mkasi, basi. Na hadithi ya mjomba na majambazi haikuwa katika kitabu chetu chochote.

Nilikaa na daftari mapajani, nikicheka na kulia. Mjomba alifariki akiwa mzee, kitandani mwake, wajukuu wakigombania fimbo yake. Na mwalimu wangu nilimkabidhi maziwa yale bila hata kumsalimia.