Nusu Tunda Kutoka Kileleni

Mjomba wangu Elikana alilinda msitu wa milimani juu ya Kilosa kwa miaka kumi na tisa. Mwaka 1996 akaitwa ofisini, akakabidhiwa barua ya kupunguzwa kazi. Enzi za soko huria, wakamwambia, watu wengi hawahitajiki. Mimi nilikasirika kuliko yeye. Yeye kesho yake alichukua panga akapanda mlima, kama vile miti ingekosa adabu asipokuwepo.

Kilichomvuta ni mmea mmoja unaofika kiunoni, wenye harufu ya giligilani, ulioota kwenye kilele kimoja tu. Alimwandikia Daktari Hildegarda, mtaalamu wa mimea wa chuo kikuu ambaye Mjomba aliwahi kumwongoza msituni. Jibu likaja: mmea huo ni wa ukoo wa karoti, lakini huenda ni aina isiyojulikana. "Nitumie mmea mzima uliokomaa. Tukiuthibitisha nitaomba kilele kitengwe, na kitahitaji mlinzi."

Mlinzi! Mjomba hakumwambia hata mkewe, Bibiana, asije akampa tumaini la bure.

Aling'oa mmea na mizizi yake, akaukausha kati ya magazeti, akautuma. Matunda aliyapukutisha palepale. Sisi wa milimani ndivyo tulivyolelewa: ukichukua cha porini, mbegu unairudishia ardhi. Mkono ulifanya wenyewe.

Kisha akaenda Msowero kufanya vibarua. Aliporudi baada ya miezi mitatu, barua ilikuwa inamngoja. Vinasaba vya majani vilionyesha kwamba mmea uko mbali na ndugu zake wote, lakini ushahidi huo hautoshi. Daktari alitaka tunda, alikate, aone mifereji ya mafuta iliyo ndani yake.

Mjomba akakimbilia kileleni. Akamkuta Bibiana ameshika jembe, maharage yamechipua mistari kwa mistari. Msitu haukuwa na mlinzi, na malori ya wanunuzi yalitaka maharage. Kila mtu alikuwa amejikatia shamba.

"Nimelima mpaka juu, baba Beda," akasema kwa furaha. "Hata gugu moja sikubakiza."

Mjomba akapiga magoti. Kwa siku tisa alichekecha udongo kwa chekeche ya unga, akiyatafuta matunda aliyoyapukutisha. Nilidhani anarukwa na akili. Siku ya tisa akapata nusu ya tunda moja, yenye mbegu ndani, kavu, ndogo kuliko punje ya mtama.

"Ipande," Bibiana akamsihi, maana sasa alikuwa ameambiwa yote.

"Isipoota, mama Beda? Itakufa bila hata jina."

Akaituma. Tulingoja mpaka maharage yakavunwa. Barua ilipofika nikawasomea uani, Bibiana akiwa anachambua maharage kwenye ungo.

"Mzee Elikana, ulikuwa sahihi. Mifereji ya tunda hili haifanani na ya ndugu yake yeyote. Ni aina mpya kabisa. Tunda lenyewe limeishia kwenye kukatwa, kwa hiyo nitumie mengine ya kupanda. Na tafadhali, kilele kile kisiguswe na jembe."

Ungo ukasimama.

"Soma tena hapo mwisho," Bibiana akasema.

Nikasoma. Akajifunika uso kwa khanga, akalia. Mjomba akasogea, akamshika mkono.

"Hukujua," akamwambia. "Mimi ndiye sikukuambia."