Kidonda cha Bafta

Kuna juma moja la ujana wangu, mwanangu, ambalo nikilikumbuka hucheka kwanza, kisha nikanyamaza. Ilikuwa mwaka mmoja hivi kabla ya Uhuru. Tukikaa Mtongwe, nami nikisoma sekondari ng'ambo, kisiwani, nikivuka maji asubuhi na kurudi alasiri. Habari yenyewe ilianza siku niliyovuka na panya ndani ya mkoba wa vitabu.

Usinitazame hivyo. Alikuwa panya mweupe, panya wa shule, macho mekundu kama punje za komamanga. Mwalimu wetu wa elimu ya viumbe, Mzungu, alikuwa akifunga mizigo arudi kwao, kama walivyokuwa wakifunga wengi mwaka ule, akatugawia wanyama wake wa darasani. Wenzangu walikimbilia sungura. Mimi, ambaye tangu hapo hutembea kama niliyebeba mayai, nilifika mwisho nikabakishiwa panya. Nikampenda papo hapo. Nikamwita Bafta, kama kile kitambaa, kwa weupe wake.

Ujue sikuwa mtu wa kutoka. Vijana wenzangu wakienda mpirani, wakienda kusikiliza hotuba za siasa na kurudi sauti zimewakauka, mimi niko ndani natia kifungo shati. Majirani wakaniita Mwali, kama msichana aliyewekwa ndani kungoja ndoa. Wala sikukasirika. Ndani kulikuwa na kivuli na kahawa ya Bibi yenye tangawizi. Nje kulikuwa na nini cha kuzidi hapo?

Bibi huyu ndiye mzaa mama, na ndiye aliyenilea. Aliniita mume wangu, kwa ule utani wa bibi na mjukuu. Alipomwona Bafta alijifunika pua kwa kanga.

"Mume wangu, wenzio wakichoka na mke humletea mke mwenza. Mimi waniletea panya?"

"Huyu panya amesoma, Bibi."

"Basi na arudi akalale shuleni."

Hakurudi. Nilimweka uani, ndani ya sanduku la chai, na kumbe alikuja na mzigo wake tumboni. Nilipoona tumbo lakua nikaamua kumjengea chumba cha uzazi. Nikaligawa sanduku kwa wavu wa waya wa kufugia kuku: mbele chakula na maji, nyuma pamba ya kulalia. Katikati nikakata tundu, ndio mlango. Bibi akanitazama kutoka jikoni.

"Hizo ncha za waya zikunje, mume wangu. Au zishonee kitambaa."

"Bibi, mimi ni wa kwanza darasani katika useremala."

"Wa kwanza kuhesabia upande upi?"

Nikanuna. Nikaziacha ncha kama zilivyo, ili ajue fundi ni nani.

Bafta akazaa wanane, wekundu, hawana unyoya, kila mmoja hashindi kidole changu cha mwisho. Wakinyonya, maziwa yalionekana ndani ya matumbo yao kama utepe mweupe, kwa jinsi ngozi zilivyokuwa nyepesi. Niliweza kukaa saa nzima nikiangalia nyuzi zile nyeupe. Hata mpira sijui ulichezwa wapi.

Siku ya tano, asubuhi ya Jumapili, nikaona damu kwenye pamba. Chini ya tumbo la Bafta, kando kabisa ya chuchu, palikuwa na kidonda kirefu kama punje ya mchele. Na kwenye ncha moja ya waya, pale mlangoni, palikuwa na unyoya mweupe umenasa.

Niliuona, mwanangu. Niliutoa kwa vidole viwili, nikaupuliza ukaenda zake. Ncha ile nikaibonyeza, nikajiambia yamekwisha. Hapo Bibi akatokea.

"Damu ya nini?"

"Paka wa Mama Kadzo. Ameingiza mkono usiku."

Neno lilitoka mdomoni laini kama uji. Mama Kadzo alikuwa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, Mgiriama, mama wa watoto watatu, na paka wake mwenye mistari hakuwa amekanyaga uani kwetu tangu Bafta aje. Lakini paka ni paka. Nani angemwuliza?

Nikaleta ayodini. Bibi akanipigia ukelele. "Mwaga hiyo! Chuchu i hapo hapo, wataka watoto wanyonye dawa?" Akachemsha maji, akatia chumvi, akayaacha yapoe hadi yawe vuguvugu, akanipa pamba safi. Asubuhi na jioni nikakiosha kidonda, yeye akiniamrisha kutoka mlango wa jikoni, kanga puani. "Usisugue! Gusa tu. Huyo ni mzazi, si sufuria."

Jumatatu Mama Kadzo mwenyewe akaja, kikapu mkononi kimefungwa kwa kitambaa, na ndani paka analia.

"Pole, Mwali. Nimesikia huyu mshenzi wangu amekuumizia mgeni. Nampeleka kwa kakangu kule Bofu, akakae huko."

Ningeweza kusema pale. Maneno yalikuwa machache tu. Nikamwambia ahsante. Ahsante, mwanangu! Nikamwangalia akishika njia na kikapu chake kichwani.

Kidonda nacho kikaanza vitimbi. Jioni nakiacha kimekauka, asubuhi nakikuta kibichi, chekundu, kimetanuka. Bafta akawa halali na wanawe kama zamani. Hujilaza chumba cha mbele, anahema. Nyuzi nyeupe matumboni mwa watoto zikapungua, zikawa kama mstari wa penseli. Jumatano mtoto mmoja nilimkuta baridi. Nikamzika nyuma ya jiko, nikichimba kwa kijiko, nikakiosha kile kijiko mara tatu Bibi asijue.

Alkhamisi alasiri, nikiwa nimeinamia sanduku na pamba yangu, Bibi akasema nyuma yangu:

"Paka yuko Bofu tangu Jumatatu, mume wangu. Leo Alkhamisi. Mkono wake ni mrefu ulioje!"

Nikajifanya nimeshughulika. Akavuta mbuzi ya kukunia nazi, akaikalia mbele ya sanduku, karibu kuliko siku zote. Kanga aliitoa puani. Tukangoja. Watoto wakaanza kulia, kile kilio chao chembamba usichojua kama ni sauti au ni sikio lako. Bafta akainuka. Akafika mlangoni, akasimama. Akainua mguu mmoja, akalivuta tumbo ndani, akajipenyeza. Nikasikia waya ukikwaruza. Alitetemeka mwili mzima, akaendelea, akawalalia wanawe.

Nilikuwa nimebonyeza ncha moja. Chini yake zilikuwapo tatu, na tumbo lililojaa maziwa halina pa kuzikwepea. Kila wakilia alipita pale. Kila akipita, kile nilichokiosha mimi kilifumuka.

"Ulijua?" akauliza Bibi.

"Naam?"

"Umenisikia."

"Nilijua, Bibi."

Nilingoja kofi. Bibi hakuwa mchoyo wa makofi. Lakini alisema polepole, kama mtu anayechambua mchele:

"Huyu hawezi kusema kilichomkata. Na yule paka hawezi kusema kwamba hakuja. Mwenye ulimi alikuwa wewe peke yako, tena ulimi wa sekondari. Siku tano nakuchemshia maji ya chumvi, waosha kidonda na waya umeuacha pale pale. Lete koleo."

Nikaung'oa wavu wote. Halafu Bibi, ambaye hakuwahi kugusa hata kifuniko cha sanduku lile, akaingiza mkono wake, akapitisha kidole pembe zote, taratibu, akitafuta ncha iliyosalia. Bafta akamnusa kidole. Bibi akafumba macho, lakini mkono hakuutoa mpaka alipomaliza.

Kidonda kilifunga siku chache baadaye. Nyuzi nyeupe zikarudi matumboni, na wale saba wakakua wakawa wezi wa mkate. Ningependa nikwambie hadithi iliishia hapo.

"Sasa vaa viatu," Bibi aliniambia jioni ile ile ya Alkhamisi, "uende kwa jirani."

Mama Kadzo alikuwa kibarazani akipukusa kunde.

"Karibu, Mwali! Umetoka nje, jua halijakubabua?"

Nikamweleza yote, nimesimama, macho kwenye ungo. Alipukusa maganda mawili, matatu.

"Nilimpiga," akasema mwishowe. "Unajua? Nilimpiga kwa mwiko kabla sijamtia kikapuni. Na wanangu hawasemi nami tangu Jumatatu."

"Nitakwenda kumchukua mimi, mama. Kesho."

"Nenda."

Nilikwenda Bofu kwa miguu, na kikapu chake. Kakake akaniambia paka alichoropoka usiku ule wa kwanza, hakuonekana tena. Nikazunguka vichochoro siku tatu, mwanafunzi mzima wa sekondari, tai shingoni, naita nyau, nyau, watoto wananifuata nyuma wakiitikia. Nilionyeshwa paka wa kila rangi. Yule wa mistari sikumwona.

Siku ya tatu nikamrudishia Mama Kadzo kikapu chake. Alikipokea kwa mikono miwili, akakifunua kitambaa, akachungulia ndani. Alikwisha kujua kwa uzito kwamba ni kitupu, lakini alichungulia.

Kwa hivyo, mwanangu, nakuomba jambo moja. Ukimpeleka aliyeumia kwa mtu wa kumtibu, awe mwana, mzee, hata mnyama wa kuchekwa kama wangu, sema kilichomwumiza. Kiseme chote, hata kama ni mkono wako, hata kama jana ulijisifu kwa mkono huo. Usipokisema, wanaokusaidia watachemsha maji mpaka kuni ziwaishie, na mgonjwa wako atapita penye waya kila siku. Na usilitupe kosa lako kwa asiyeweza kujibu. Unaweza kuja kulitaka lirudi, ukazunguka mji mzima hulioni.

Mola akupe mikono ya upole na moyo mwepesi wa kukiri. Akukutanishe na wazee wa kukuuliza mara moja tu, na majirani wa kukufungulia mlango baada ya kosa. Na hao utakaowalea wasijue uchungu uliotoka kwako ukaufunika. Amin.